Ng'ombe, Ndoo na Kengele ya Shule

Vijana tukianza kubishana kuhusu kazi za nyumbani, hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaosema watoto wa siku hizi wamedekezwa, na kuna wanaosema kumtwisha mtoto ndoo ni kumnyima utoto wake. Historia ya sehemu kama Itiryo, kata ya Wakurya wilayani Tarime, inatukumbusha swali ambalo makundi yote mawili hulisahau: mtoto yupi?

Zamani, kazi ndiyo ilikuwa shule. Mvulana wa Kikurya alianza na ndama na mbuzi, akikua akakabidhiwa ng'ombe, mali iliyobeba heshima ya ukoo na mahari. Msichana alichota maji, akatafuta kuni, akasaga ulezi kwa jiwe na kumbeba mdogo wake mgongoni. Kazi zilitofautiana, lakini hakuna aliyekaa bure.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba kabla ya ukoloni watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda, akataka shule nazo ziwe na mashamba. Novemba 1974 viongozi wa TANU walikutana Musoma, mkoa huuhuu wa Mara, wakaazimia elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima.

Hapo mizani ikainama. Kuchunga ni kazi ya mchana, saa zilezile za darasani, hivyo mvulana aliyeandikishwa ilibidi aiweke fimbo chini, walau siku za masomo. Kazi za msichana ziko pembezoni mwa siku: maji alfajiri, kupika na kuosha vyombo jioni. Kengele haikuzigusa. Bila kukusudia, ratiba ilimpunguzia mmoja kazi, na mwingine ikamwongezea masomo juu ya kazi zilezile.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990, na baadaye Sheria ya Mtoto ya 2009, vilimpa mtoto haki pamoja na wajibu: kujenga mshikamano wa familia na kuwasaidia wazazi wanapohitaji. Wajibu huo ni wa mtoto yeyote, na Kiswahili chenyewe, kinaposema "mtoto", hakitaji jinsia. Anayetaja jinsia ni sisi, sufuria zinapokuwa chafu.

Kwa hiyo wanaotetea kazi wana hoja, maana mikono hujifunza kwa kutenda. Wanaolalamikia mzigo nao wana hoja, ila wataje ni mgongo wa nani. Sisi ndio tutakaopanga zamu katika nyumba zijazo. Kaka na dada hufanya mtihani uleule wa darasa la saba. Usiku wa kuamkia mtihani, nani aliachiwa vyombo?