Kidole cha Nani? Kitabu cha Mapishi na Mpishi Wake

Mwaka jana mdogo wangu wa mwisho alihamia Dodoma kikazi. Akapanga chumba, akanunua jiko la gesi na sufuria tatu, akaanza maisha. Wiki ya pili akampigia mama simu kulalamika: wali wake leo bokoboko, kesho una kiini. Mama akamjibu kama alivyotujibu sote miaka yote. Osha mchele, weka maji mpaka yapite juu ya mchele kwa pingili moja ya kidole, funika, basi. Kukawa kimya kidogo. Halafu dogo akauliza, "Kidole cha nani, mama?"

Tulicheka mpaka machozi. Ila kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana nyumbani kwa kupenda vitabu, nikapewa kazi: mtafutie mwenzako kitabu cha mapishi. Nikaona rahisi. Nikaingia duka la vitabu hapa Dar, nikasimama mbele ya rafu kwa karibu saa nzima, nikatoka mikono mitupu. Kitabu kimoja kilidai oveni karibu kila ukurasa. Kingine kilidhani una mchana mzima na msaidizi wa kukuna nazi. Cha tatu kilikuwa na picha nzuri kweli, lakini pishi lake dogo kabisa lilikuwa la watu 8. Kila kimoja kilikuwa kinaongea na mtu fulani, na mtu huyo hakuwa mdogo wangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za vitabu hivi, na nimefika mahali pa kuamini jambo moja. Kitabu cha mapishi, kabla hakijawa orodha ya vyakula, ni dhana kuhusu mtu: ana nini jikoni, anajua nini tayari, ana muda gani, nani yuko pembeni yake. Ukitaka kuchagua kitabu, usiulize kwanza kama ni kizuri. Uliza kinadhani wewe ni nani.

Tuanze London, mwaka 1747. Mwanamke aitwaye Hannah Glasse anatoa kitabu, The Art of Cookery Made Plain and Easy. Jina lake halipo kwenye jalada. Imeandikwa tu kwamba mtunzi ni bibi mmoja. Msomaji aliyemlenga ni mtumishi wa jikoni, msichana anayejua kusoma kidogo na asiyeelewa maneno ya Kifaransa ya wapishi wakubwa. Glasse aliamua kuandika kwa lugha nyepesi ili mama mwenye nyumba asilazimike kusimama jikoni akieleza kila kitu. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa mmoja na mpishi mwingine.

Ndani ya kitabu hicho kuna pilau. Ndiyo, pilau, "kwa namna ya Kihindi", zaidi ya miaka 270 iliyopita. Mchele unaoshwa, siagi inayeyushwa taratibu, zinaingia pilipili manga nzima, basibasi na karafuu, na mwisho vitunguu vizima vilivyokaangwa hadi kuwa vya kahawia. Mpaka hapo mtu wa pwani anatikisa kichwa, anasema huyu bibi anajua. Halafu unafika kwenye nyama: kuku wawili, na kipande kikubwa cha nyama ya nguruwe. Nilipomsomea mama aliniangalia kwa muda, akasema, "Huyo alisimuliwa, hakuonjeshwa." Sidhani kama mhakiki yeyote angesema vizuri zaidi. Watafiti wa baadaye waligundua kwamba zaidi ya mapishi 300 ya Glasse yalichukuliwa kutoka vitabu vya wengine. Hata hivyo kitabu kiliuzwa kwa miongo mingi, kwa sababu kilimjua mtu wake. Yeye mwenyewe hakutajirika. Mwaka 1754 alitangazwa kufilisika, akauza haki za kitabu chake.

Karibu miaka 100 baadaye mpishi anayedhaniwa amebadilika. Mwaka 1845 Eliza Acton, aliyekuwa mshairi kabla ya kugeukia sufuria, alitoa Modern Cookery for Private Families. Yeye alifanya jambo ambalo leo tunaliona la kawaida mno: mwisho wa kila pishi aliorodhesha vitu vinavyohitajika, vipimo vyake na muda wa kupika. Msomaji wake alikuwa mwanamke wa familia ya kati, ambaye pengine hakufundishwa na mtu, na ambaye akiharibu nyama ya Jumapili hana nyingine.

Kisha akaja Isabella Beeton. Huyu ananigusa kwa sababu alikuwa mwandishi wa magazeti kama mimi, na kwa sababu, tuseme ukweli, hakuwa mpishi. Book of Household Management ilipotoka kama kitabu kizima mwaka 1861, alikuwa na miaka 25. Mapishi mengi aliyakusanya kwa wengine, na Acton ni mmoja wa walioporwa. Alichokuwa nacho ni jicho la mhariri. Orodha ya vitu akaihamishia juu, kabla ya maelekezo, akaongeza gharama na idadi ya watu watakaoshiba. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 60,000 hivi. Beeton alifariki mwaka 1865, akiwa na miaka 28, na wachapishaji wakaendelea kulitumia jina lake kana kwamba yupo. Kitabu chake kinamdhania msomaji kuwa meneja: anapanga, anahesabu, anaagiza. Ukimpa kitabu cha namna hiyo mtu anayepika mwenyewe akitoka kazini saa moja usiku, atakusalimia kwa baridi ukikutana naye tena.

Sasa turudi kwenye kidole cha mama. Huko Marekani nako wapishi wa zamani walikuwa na vipimo vyao vya macho na mkono: siagi ya ukubwa wa yai, chumvi ya kubana kwa vidole. Mwaka 1896, Fannie Farmer, mkuu wa shule ya mapishi ya Boston, alitoa kitabu kilichosisitiza kwamba kikombe kiwe kikombe kweli, kijazwe na kisawazishwe kwa kisu, na kijiko vilevile. Wachapishaji hawakuwa na imani naye. Walichapa nakala 3,000 tu, na gharama akabeba yeye. Kitabu kikaja kuuzwa kwa mamilioni.

Kwa nini watu walikihitaji? Kikombe kilichosawazishwa kinamfaa mtu ambaye mama yake hayuko pembeni. Mtu aliyekulia jikoni, akamtazama shangazi akimimina, hahitaji kikombe. Mkono wake umeshakariri. Aliyehama ndiye anayehitaji namba. Na hapo ndipo nilipoelewa shida ya dogo. Pingili ya mama si ushirikina. Ni kipimo kamili, ila kinafanya kazi ndani ya sufuria ileile, kwa mchele wa kiasi kilekile, kwa idadi ileile ya walaji. Sufuria ikiwa pana, pingili moja inabeba maji mengi zaidi. Mchele ukiwa wa mtu mmoja, maji hayo ni mafuriko. Kidole cha mama kilikuwa kinaijua sufuria ya mama. Dogo alihama na kidole, sufuria ikabaki nyumbani.

Namba nazo zina hasara yake. Zimempa heshima anayeweza kuandika, zikamwacha nje anayejua bila kuandika. Ndiyo maana kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii ni chembamba, kilichochapwa San Francisco mwaka 1881. Mwenye kitabu ni Abby Fisher, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani kusini mwa Marekani, ambaye baada ya uhuru alihamia California na mapishi yake yakashinda tuzo kwenye maonyesho. Hakujua kusoma wala kuandika, na anasema hivyo waziwazi mwanzoni mwa kitabu. Waliotaka maarifa yake waliketi naye, yeye akasema, wao wakaandika. Kuna majina ya vyakula ambayo waandishi hao waliyasikia vibaya, wakayaandika walivyoyasikia. Makosa hayo yapo hadi leo, na kwangu ni kama kusikia sauti yake kwa mbali. Bila kalamu ya mtu mwingine, miaka yote ile ya ujuzi ingeondoka naye.

Na sisi huku? Lugha yetu iliingia kwenye vitabu vya mapishi mapema, lakini kwa mlango wa nyuma. Wanawake wa kanisa la Kiskoti la Nairobi walitoa kitabu cha mapishi na mwongozo wa nyumba kwa walowezi wa Kenya, kikachapwa tena na tena wakati wa ukoloni. Kilikuwa na sentensi za Kiswahili. Usifurahi haraka. Zilikuwa sentensi za kuagiza: lete, safisha, chemsha. Ni ile jiko ya Glasse, mnunuzi mmoja na mpishi mwingine, ila sasa hata lugha ni mbili. Mwafrika aliyekuwa anapika kweli, aliyejua moto wa kuni unavyopanda na kushuka, yumo kitabuni kama mtu wa kuamriwa, si wa kuulizwa.

Ndiyo sababu kichwa cha kitabu cha Yasmin Alibhai-Brown, The Settler's Cookbook, kina ukali wake. Yeye alizaliwa Kampala katika jamii ya Wahindi, akahamia Uingereza mwaka 1972, mwaka ambao Idi Amin aliwafukuza Waasia. Anasimulia maisha yake, na mapishi yanatokea katikati ya masimulizi, kila moja mahali pake. Na mwaka 2020 Hawa Hassan, mzaliwa wa Somalia, alitoa In Bibi's Kitchen pamoja na Julia Turshen. Ni mabibi kutoka nchi 8 za Afrika zinazopakana na Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Hapo bibi anaulizwa, anataja chakula chake, anasema kwa nini anakipika. Neno la Kiswahili liko kwenye jalada, na safari hii ni jina la mwenye ujuzi. Kutoka "lete" mpaka "bibi" ni safari ndefu.

Basi, ukiniuliza leo umnunulie nani kitabu gani, nitakujibu hivi.

Anayeanza na yuko peke yake anahitaji kitabu kinachoeleza kwa nini, chenye vipimo vya mtu mmoja au wawili, na kinachosema ufanye nini mambo yakiharibika. Anayejua kupika tayari usimsumbue na namba; mpe kitabu cha upishi wa watu wengine, atachukua anachotaka na kuacha mengine. Mwenye wikiendi ndefu na subira, huyo ndiye wa vitabu kama kile cha Julia Child na wenzake wawili cha mwaka 1961, kilichoandikwa kwa Mmarekani asiye na mtumishi lakini mwenye muda wa kushinda na nyama jikoni. Aliye mbali na kwao, Muscat au Minneapolis, mpe kitabu chenye masimulizi, maana njaa yake si ya tumbo tu. Na wapo wanaosoma vitabu vya mapishi kitandani bila kuwasha jiko. Hao ni ndugu zetu, tusiwacheke.

Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa chakula unachokijua vizuri, maharage au wali, usome polepole. Kama mwandishi anakosea unachokijua, usimwamini kwa usichokijua. Tazama jiko lake: ni la mkaa, la gesi, au ni oveni? Tazama vitu anavyotaka: vinapatikana sokoni kwako siku ya kawaida, au ni mpaka mwisho wa mwezi? Hesabu walaji.

Mdogo wangu sikumnunulia kitabu. Nilinunua daftari la kurasa 96 na kikombe cha plastiki chenye mistari ya vipimo, nikaenda kwa mama Jumamosi. Nikamwomba apike kama kawaida, ila kila kitu kipite kwenye kikombe changu kwanza. Alikasirika. Alisema namchelewesha, mafuta yanaungua, na kwamba yeye hajapimiwa chakula tangu azaliwe. Mara mbili alitia chumvi kabla sijaikamata. Nimeandika "chumvi: sijui, aliniwahi." Kwenye wali nilipata namba: vikombe viwili vya mchele, maji vikombe vitatu, sufuria yake ya kati.

Nilimtumia dogo picha ya ukurasa ule. Jioni akajibu kwamba umeiva, ila hauna ladha ya nyumbani. Nikamwonyesha mama ujumbe. Akauliza kama nilimwambia kuhusu makaa juu ya kifuniko. Sikumwambia, kwa sababu sikuandika, kwa sababu wakati anayaweka nilikuwa nimeinama nasoma mistari ya kikombe.

Jumamosi ijayo narudi. Tumekubaliana tuanze na mchuzi wa samaki, na safari hii naandika na mikono yake.

Wewe nyumbani kwenu, nani anapika bila kupima, na nani ameshika daftari?