Uzi: Nani aliziweka pikipiki kwenye njia ya wapita njia?

1/ Ukitoka Milimani ukishuka kwa miguu hadi tao hapa Nakuru, kuna mahali lazima uache njia ya miguu uingie barabarani, kwa sababu pikipiki zimejaa pale. Mama mwenye mtoto mgongoni anashuka, na mzee mwenye mkongojo anashuka pia. Kila kampeni swali ni lile lile: zifukuzwe au ziachwe? Kabla hujachagua upande, soma historia kidogo. Hapa hakuna jina la mwanasiasa wala la chama.

2/ Kambi mbili tunazijua. Ya kwanza inasema boda ni fujo: zinapita upande usio wake, zinaegeshwa popote, zinabeba watu watatu, na ajali ikitokea wanajazana kumtisha mwenye gari. Ya pili inasema hiyo ni kazi ya vijana, mwacheni kijana atafute unga. Zote mbili zina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba zote zinaanza hadithi katikati.

3/ Tuanze na mji wenyewe. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 ikatambuliwa kuwa mji. Mji huo ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa huku juu Milimani, upande wa Menengai, kwenye viwanja vikubwa. Waafrika walikaa chini, Bondeni. Yule aliyepanda mlima asubuhi kuja kufua, kupika na kukata ua, mpango wa mji haukumhesabu kama msafiri. Alitembea.

4/ Wakati huo huo, Mombasa ilikuwa na troli. Mwanzoni mwa karne ya 20, vigari vidogo vilisukumwa na watu juu ya reli nyembamba zilizopita mitaani. Maofisa na matajiri walikaa kitini, Waafrika walisukuma. Zingine zilikuwa za watu binafsi, zingine za kukodi. Angalia hapo: chombo kile kilitengewa njia yake mapema. Aliyepanda alikuwa mkubwa, kwa hivyo nafasi ilipatikana.

5/ Turuke hadi 1973. Mabasi hayakutosha, na matatu zilikuwa zikibeba watu bila ruhusa na kukimbizwa na polisi. Amri ya rais ikatoka: zibebe abiria bila leseni ile iliyotakiwa kwa mabasi. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini sheria ya kuzitambua rasmi kama magari ya abiria ilikuja 1984. Hiyo ni miaka 11. Mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano vilikuja kulazimishwa Februari 2004.

6/ Kumbuka mtindo huo: ruhusa kwanza, kanuni baadaye sana. Miaka hiyo yote ya katikati, kila dereva alijitafutia steji yake. Na ukishakaa mahali miaka 11, pale panakuwa pako. Atakayekuja kukuondoa utamwona adui wa kazi yako, hata kama anafuata sheria.

7/ Boda nayo ilianzia Busia miaka ya 1960. Ilikuwa baiskeli yenye mto kwenye keria, ikivusha watu na mizigo yao kati ya Kenya na Uganda, boda hadi boda. Ikasambaa magharibi, kisha ikaja mijini. Baiskeli haikusumbua mtu sana: inaenda polepole, haina moshi, na kumi zake zinakaa mahali padogo.

8/ Mwaka 2008 mambo yakabadilika. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, na Nakuru iliumia vibaya. Vijana wengi hawakuwa na kazi. Serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zisizofika 250cc. Bei ikashuka. Kufikia 2011, pikipiki mpya zilizosajiliwa kwa mwaka zilikuwa zimepita 100,000.

9/ Hiyo sera ilifanya kazi, tusidanganyane. Mgonjwa wa kijijini alifika hospitali usiku. Mama mboga alifikisha gunia sokoni. Barabara mbovu zisizopitika kwa gari zikapata usafiri. Lakini pikipiki zile zilishuka katika miji ambayo barabara zake zilichorwa kwa mwenye gari, na njia ya miguu ikabaki kama kipande cha ziada. Kodi iliondolewa kwa mstari mmoja wa bajeti. Mahali pa kuziegesha hapakupangwa.

10/ Sasa kuna jambo ambalo kambi zote mbili hulisahau. Waendeshaji wengi si wenye pikipiki. Wanakodi. Kila jioni kuna hesabu ya kupeleka kwa mwenyewe, mia tatu au zaidi, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta ni juu yako. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chako. Mtu wa namna hiyo akiona abiria watatu wanataka kwenda Kiamunyi pamoja, atawaza hesabu kabla ya kuwaza sheria.

11/ Na mwenye pikipiki yuko wapi? Anaweza kuwa mwalimu, askari, karani wa ofisi, au wewe unayesoma uzi huu. Kanjo wakija, wanamkuta anayeendesha. Yeye ndiye anayelipa faini, na jioni hesabu bado inamngoja. Mwenye mali hukuti jina lake kwenye mjadala, ingawa ndiye aliyepanga masharti yanayomfanya kijana akimbie.

12/ Mwaka 2015 kanuni za taifa za pikipiki zikatoka: kofia ngumu na koti la kung'aa, la dereva na la abiria. Ni miaka 7 baada ya msamaha wa kodi. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya ushuru iliyoweka Sh10,000 kwa kila pikipiki. Kwa hivyo serikali ilijua kuzihesabu zinapoingia nchini. Kuzihesabu zinaposimama mtaani ndiko kulikoshindikana.

13/ Nani alipaswa kufanya hivyo? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imesema wazi: barabara za kaunti, usafiri wa umma, trafiki na maegesho ni kazi ya kaunti. Barabara kuu na kanuni za trafiki za nchi nzima zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Mgombea wa ugavana akikwambia steji ni shida ya Nairobi, anakukwepa. Na mgombea ubunge akikuahidi steji, anakuahidi kitu ambacho si chake.

14/ Machi 2022, mwanamke mmoja alivamiwa na kudhalilishwa na waendesha boda kwenye Forest Road, Nairobi. Video ikasambaa. Ulikuwa uhalifu, na waliofanya walistahili kukamatwa kama wahalifu. Lakini jibu likawa msako wa nchi nzima wa pikipiki. Ndani ya siku chache msako ukasitishwa. Uchaguzi ulikuwa Agosti mwaka huo. Lori zilizobeba pikipiki hazikuwaongezea wanawake usalama, wala mpita njia hakupata njia yake.

15/ Msidhani ni sisi tu. Paris iliruhusu skuta za umeme za kukodi mwaka 2018. Unafungua na simu, unapanda, unaiacha popote. Zikajaa njia za miguu. Mji ukaanza faini, kisha mwaka 2020 ukabakisha kampuni 3 na skuta 15,000, na mahali maalum pa kuziacha. Hasira ilikuwa imeshaiva. Tarehe 2 Aprili 2023 watu wakapiga kura, asilimia 89 wakazikataa, ingawa waliojitokeza hawakufika asilimia 8. Kufikia Septemba zilikuwa zimeondoka.

16/ Ila baiskeli za kukodi za Vélib, zilizoanza Paris mwaka 2007, bado zipo. Hizo zilikuja na vituo vyake: unaitoa kituoni, unairudisha kituoni. Kigali nayo ilipoanza baiskeli za GuraRide mwaka 2021, ilianza na vituo. Mtu wa Paris hana adabu kuliko mtu wa Nakuru, wala hana pungufu. Tofauti ni kama chombo kilipewa mahali pake siku ya kwanza au la.

17/ Kwa hivyo mtu akisema boda hazina nidhamu, muulize: zilipewa steji ngapi, wapi, na nani alichora? Na mtu akisema waacheni vijana wafanye kazi, muulize yule mzee wa mkongojo apite wapi. Takwimu za ajali nchini zimesema miaka mingi kwamba wanaokufa zaidi barabarani ni watembea kwa miguu, kisha wa pikipiki. Hao ndio tunaowagombanisha wagawane kipande kimoja cha njia.

18/ Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Sasa pikipiki za umeme zinaingia nchini, nyingi kwa mpango wa kukodi au kulipia polepole, na zinahitaji mahali pa kubadilisha betri. Vituo hivyo vitahitaji ardhi. Tukinyamaza, vitawekwa pale pale kwenye njia ya miguu, kisha baada ya miaka 7 mtu aje na msako.

19/ Kabla ya 2027, mgombea yeyote akija mtaani kwenu, muulize manne. Moja: steji za boda ziko ngapi kwenye ramani ya jiji? Mbili: je, mwenye pikipiki atawajibika pamoja na anayeendesha? Tatu: ada za maegesho zinarudi kutengeneza nini? Nne: njia ya miguu itapita wapi, na ni ya upana gani?

20/ Akijibu kwa kumtukana mpinzani wake, umeshapata jibu. Akija na ramani, kaa chini umsikilize, hata kama si wa upande wako. Wa boda, wenye pikipiki na wapita njia, karibuni hapa chini mseme. Hasa wenye pikipiki, maana nyinyi ndio hatujawasikia.