Mswaki na Kidonge: Somo la Dawa Mseto

Mkazi wa Mbezi Luis anayetokwa damu kwenye fizi huwa na njia mbili za karibu: kijiti cha mswaki au kidonge cha duka la dawa. Wengi hutumia vyote kwa pamoja bila kumuuliza mtu. Swali la iwapo mmea na antibiotiki vinaweza kusaidiana, basi, halikuanzia maabara. Wananchi walikwisha kulijibu kwa vitendo. Kilichokosekana ni vipimo.

Tuanze na jina. Mswaki ni mti, Salvadora persica, unaoota katika nchi kavu kuanzia Afrika hadi Bara Hindi. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiarabu, na brashi ya plastiki ilipoingia ilirithi jina la kijiti. Mwaka 2011 watafiti walichapisha ushahidi kwamba mizizi ya mti huo ina kemikali, benzili isothiosayanati, inayoua bakteria wa ugonjwa wa fizi, akiwamo Porphyromonas gingivalis.

Kidonge nacho kina historia yake. Mwaka 1962, nchini Uingereza, daktari aliyeitwa Shinn aliandika kuhusu mwanamke aliyetibiwa maambukizi ya ukeni kwa metronidazoli, fizi zake zilizokuwa na vidonda zikapona pia. Tangu hapo dawa hiyo imekuwa silaha ya madaktari wa meno, mara nyingi pamoja na amoksilini. Lakini bakteria wa fizi huishi ndani ya utando unaowakinga. Ugaga usipoondolewa, kidonge peke yake hakifiki mbali, na matumizi mabaya ya dawa huweza kuwazoesha bakteria kuistahimili.

Hapo ndipo mmea unapopata nafasi. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba baadhi ya mimea ya jenasi Berberis hutoa beberini, kiuasumu dhaifu, kwa kuwa bakteria huisukuma nje kwa pampu zao. Mimea hiyohiyo hutengeneza kemikali ya pili inayoziba pampu hizo. Kumbe maumbile yalitangulia kubuni mseto. Hata hivyo, vitu viwili vikichanganywa vinaweza kusaidiana, kutoathiriana kabisa, au kupingana. Kuujua ukweli kunahitaji kupima, si kukisia.

Nani alipaswa kupima hapa kwetu? Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliwatia waganga katika kivuli cha tuhuma, na hospitali ikajengwa kana kwamba elimu yao haipo. Mwaka 1974 kilianzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili Muhimbili, kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikafuata mwaka 2002. Milango ilifunguliwa, lakini mganga na daktari wa meno waliendelea kukaa vyumba tofauti.

Tunao mfano wa kile kinachowezekana. Klorokwini ilipozidiwa na malaria, Tanzania iliiacha mwaka 2001. Mrithi wake SP naye hakudumu. Kuanzia mwishoni mwa 2006 tukaanza kutumia dawa mseto ya ALu, ambayo nusu yake chimbuko lake ni mmea wa tiba ya jadi ya China. Mmea huo haukuaminiwa kwa sababu ya ukongwe wake. Ulichujwa, ukapimwa, ukaunganishwa na dawa nyingine kwa kipimo maalumu, kisha serikali ikausambaza.

Mswaki unastahili heshima hiyohiyo. Mpango wa Taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, wa 2017 hadi 2022, ulituonya kwamba antibiotiki zinaisha nguvu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti na ofisa anayepanga bajeti wana kazi ya kufanya hapo. Kabla ya kazi hiyo kukamilika, mwenye fizi zinazovuja damu aendelee kutumia kijiti chake, amwone daktari wa meno, na asijipimie mseto jikoni.