Kasoro Inayojulikana

Kuanzia tarehe 4 Desemba 2022, mafundi mitandao waliosasisha kontrola za Wi-Fi za Cisco walikutana na jambo la kushangaza. Aksesi pointi za zamani, zikiwamo za Aironet 2700 na 3700, zilipakua programu mpya kutoka kwenye kontrola, zikaikataa, zikaanza kupakua upya, zikaikataa tena. Vifaa vilikuwa vizima na nyaya zilikuwa nzima. Kilichokwisha ni muda wa cheti cha kidijitali kilichotumika kuthibitisha saini ya programu hiyo.

Cisco ilitoa notisi. Tatizo lilipewa namba, CSCwd80290, vikatajwa vifaa vinavyohusika, matoleo yaliyoathirika na hatua za kuchukua. Tatizo lililokwisha kuandikishwa namna hii linastahili jina lake kwa Kiswahili, na jina linalofaa ni kasoro inayojulikana.

Wengi wangesema hitilafu, kwa kuwa ndilo neno ambalo skrini za simu zimewazoesha. Lakini mtangazaji anaposema moto umesababishwa na hitilafu ya umeme, anazungumzia jambo lililotokea mahali fulani, saa fulani. Kasoro imo ndani ya kitu tangu kilipotengenezwa, iwe imeonekana au la. Katika mkasa wa Desemba, aksesi pointi iliyokwisha kujiunga, ikiwa na toleo lilelile la kontrola yake, iliendelea kuhudumia watu kama kawaida. Kasoro ilikuwamo, hitilafu ilizuka pale tu toleo lilipobadilishwa, au ilipoletwa aksesi pointi nyingine yenye toleo tofauti. Fundi asiyetenganisha mambo hayo mawili ataona taa zinawaka, wateja wameunganishwa, na ataamini kwamba notisi ile haimhusu.

Kuna kasoro ambazo kwazo mtumiaji haoni hitilafu yoyote. Februari 2020 kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza Kr00k, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2019-15126. Ilikuwa ndani ya chipu za Wi-Fi za Broadcom na Cypress, na kwa makadirio ya ESET iligusa vifaa zaidi ya bilioni moja: simu, kompyuta, ruta na aksesi pointi. Kifaa kinapokatwa kwenye mtandao, ufunguo wa kusimba data hufutwa na kuwa sufuri tupu. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba data iliyobaki kwenye foleni ya chipu ilisimbwa kwa ufunguo huohuo wa sufuri na kurushwa hewani, ambako mtu aliye karibu angeweza kuinasa na kuisoma. Mwenye simu asingehisi chochote zaidi ya Wi-Fi kukatika kidogo na kurudi.

Neno la pili, inayojulikana, lina uzito uleule. Mei 2021 mtafiti Mathy Vanhoef alitangaza kundi la kasoro liitwalo FragAttacks. Baadhi yake zimo katika usanifu wenyewe wa Wi-Fi, na zimekuwapo tangu mwaka 1997. Zilikuwapo kwa miaka 24 bila namba, bila notisi, bila mtu wa kuulizwa. Kujulikana, basi, ni kuingia kwenye kumbukumbu. Kurekebishwa ni hatua nyingine, na baina ya hatua hizo mbili ndipo kazi ngumu ya fundi ilipo.

Hapo ndipo panapohitajika istilahi ya tatu: suluhisho la muda. Katika mkasa wa Desemba 2022 lilikuwa hivi. Fundi anazima NTP, huduma inayolinganisha saa za mtandao, kisha anairudisha saa ya kontrola hadi kabla ya tarehe 4 Desemba. Aksesi pointi inapojiunga inachukua saa hiyo kutoka kwenye kontrola, inakiona cheti bado hai, inapokea programu. Kisha saa inarejeshwa. Maneno “la muda” yasiachwe kamwe. Saa ikirudishwa nyuma mno, aksesi pointi mpya ambayo cheti chake kinaanza baada ya tarehe hiyo itakataliwa, na kumbukumbu za matukio zitabeba tarehe za uongo.

Masuluhisho mengine ya muda ni mepesi zaidi. Mei 2025 Cisco ilitangaza CVE-2025-20188 katika kontrola za Catalyst 9800, yenye alama ya hatari 10 kati ya 10. Tokeni ya siri ilikuwa imeandikwa moja kwa moja ndani ya programu, hivyo mshambuliaji asiye na nywila angeweza kupandisha mafaili na kutoa amri kwa mamlaka ya juu kabisa. Kasoro ilihusu njia moja ya kupakulia programu za aksesi pointi, ambayo kwa kawaida huwa imezimwa. Walioiwasha waliambiwa waizime hadi watakapoweka toleo lililorekebishwa. Aksesi pointi zingerudi kupakua programu kupitia CAPWAP, njia ileile ya siku zote.