Mazishi ya Kiislamu

Mazishi ya Kiislamu ni taratibu za kumhudumia maiti Mwislamu tangu kukata roho hadi kufukiwa. Kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wachache wakitekeleza, wengine wamesalimika.

Maiti huoshwa mara witiri, aghalabu 3, kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi. Maji ya mwisho hutiwa kafuri. Sanda ya mwanamume ni vitambaa 3, ya mwanamke 5. Sala ya jeneza ina takbira 4, haina rukuu wala sijida. Aliyekufa shahidi vitani haoshwi.

Kaburini hulazwa ubavu wa kulia, akielekea kibla. Kwa kuwa Makka iko kaskazini mwa pwani ya Waswahili, kichwa huwa mashariki. Katika mwanandani, uwazi uliochimbwa ubavuni mwa shimo, maiti huzibwa kwa mbao ili udongo usimwangukie.

Pwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafii husoma talakini, yaani maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, kisha hitima, kisomo cha Kurani kwa ajili ya marehemu. Wapo wanazuoni wanaoziita bidaa, yaani uzushi katika dini, na mjadala huo hauishi. Baada ya kifo cha mumewe, mjane hukaa eda, yaani kipindi cha kungoja kabla ya kuolewa tena, miezi 4 na siku 10. Akiwa mjamzito, hadi ajifungue.