Duka la Jeshi ni la Nani? Miaka 4 Dhidi ya Miaka 20

Kuna ubishi mmoja wa Wamarekani ambao ukiusikia kwa mara ya kwanza unaweza kucheka. Nani aruhusiwe kununua sukari, nyama na sabuni katika duka la jeshi? Mstaafu aliyetumikia miaka 20 peke yake, au pia yule aliyevaa gwanda miaka 4 kisha akarudi uraiani? Watu wazima, wenye medali vifuani, wanatoleana macho kwa sababu ya kilo mbili za nyama ya kusaga!

Usicheke bado, ndugu msomaji. Nimeufuatilia ubishi huu kwa muda sasa na nimegundua kwamba sukari ni kisingizio tu. Swali lenyewe ni hili: taifa linampimaje mtu aliyelitumikia? Kwa miaka? Kwa majeraha? Au kwa shida aliyo nayo leo? Na swali hilo si la Wamarekani peke yao. Babu zetu wa Keya waliporudi kutoka Burma baada ya 1945, wengi wao wakiwa wametumikia miaka michache tu ya vita, hawakupewa pensheni. Walipewa kiinua mgongo cha mara moja, kikapimwa kwa cheo, kwa muda na kwa rangi ya ngozi. Kila serikali huchagua kipimo chake, na kipimo hicho husema mengi kuhusu serikali yenyewe.

Ipo sababu nyingine ya kututaka tusikilize. Jeshi la Marekani lina ndugu zetu. Kuna programu iliyoanza 2009 na kusimamishwa 2016, iliyowaruhusu wageni wenye viza halali kujiunga na jeshi na kupata uraia haraka, wakiwemo wale wanaojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji. Kiswahili kilikuwa kimojawapo. Kijana aliyechoka kubeba maboksi ughaibuni aliona mlango pale. Wengi wa namna hiyo hutumikia mkataba mmoja au miwili, kisha huyoo, wanarudi shule au kazini. Kwa hiyo tunapozungumzia askari wa muda mfupi, tunazungumzia pia watu tuliosoma nao.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Duka la jeshi halikuanza kama zawadi kwa mtu yeyote. Lilianza kama dawa ya unyonyaji. Katika karne ya 19 jeshi la Marekani lilikaa katika ngome za mbali, katikati ya nyika, ambako hakuna soko wala mji. Askari aliyetaka tumbaku, uzi wa kushonea au kitu cha kutia ladha kwenye maharage yake alikuwa na mtu mmoja tu wa kumkimbilia, yaani mchuuzi aliyepewa kibali cha kuuza kambini. Na wewe unajua mfanyabiashara asiye na mshindani anavyopanga bei.

Maofisa ndio waliookolewa kwanza. Kuanzia 1825 waliruhusiwa kununua chakula kutoka ghala la jeshi kwa bei ile ile ambayo serikali ilinunulia. Askari wa kawaida alisubiri zaidi ya miaka 40. Ni mwaka 1866 ndipo Bunge lao lilipopitisha sheria ya kumruhusu naye, na 1867 ikaanza kufanya kazi. Hapo ndipo Wamarekani wanapoanzia kuhesabu historia ya duka lao la chakula la jeshi. Angalia vizuri: sheria haikuuliza umetumikia miaka mingapi. Iliuliza tu kama uko jeshini.

Ila wachuuzi hawakuondoka. Walibadilishwa jina na kupewa vibali vipya, na mwaka 1870 mamlaka ya kugawa vibali hivyo yakawekwa mikononi mwa Waziri wa Vita, William Belknap. Kilichofuata ni kisa ambacho mwandishi wa habari yeyote angekipenda. Kibali cha Fort Sill, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma, kilipewa mtu mmoja aitwaye Caleb Marsh. Marsh hakwenda hata kufungua duka. Alikubaliana na mfanyabiashara aliyekuwepo pale tayari, John Evans, aendelee kuuza, kisha amlipe dola 12,000 kwa mwaka. Na kati ya fedha hizo, nusu ilikuwa inakwenda nyumbani kwa Waziri! Unadhani Evans alizifidia wapi dola 12,000? Kwenye tumbaku ya askari. Tarehe 2 Machi 1876 Belknap alikimbilia kwa Rais Grant akajiuzulu dakika chache kabla ya Baraza la Wawakilishi kumpigia kura ya kumshtaki. Wakamshtaki hivyo hivyo. Seneti ikamwachia mwezi Agosti, kwa sababu theluthi mbili hazikutimia.

Mwaka 1895 jeshi likaamua kuanzisha maduka yake lenyewe ya bidhaa mchanganyiko, ambayo askari wamezoea kuyaita kwa herufi mbili tu, PX. Tangu hapo kuna maduka ya aina mbili, na ninaomba uyatenganishe kichwani mwako maana hoja yangu yote inasimama hapo. Duka la chakula linauza karibu na bei ya kununulia, linaongeza asilimia 5 kwa ajili ya majengo, na gharama za kuliendesha zinalipwa na mlipakodi, zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. PX ni biashara. Inatafuta faida, na faida hiyo hurudi kwenye michezo na burudani za askari na familia zao.

Je, miaka 20 iliingiaje? Iliingia kupitia pensheni. Jeshi la karne ya 20 lilitaka kuwabakiza watu wenye ujuzi, likaweka mstari: ukifika miaka 20 unaondoka na pensheni ya maisha, nusu ya mshahara wa msingi, pamoja na kadi ya kuingilia madukani hadi kufa. Ukiondoka mwaka wa 19, kwaheri. Kwa utaratibu huo, takriban watu 8 kati ya 10 walioingia jeshini waliondoka bila pensheni. Mwaka 2018 utaratibu mpya ulianza, ambapo serikali inachangia akiba ya askari hata asipofika miaka 20. Pensheni ikapata njia ya katikati. Mstari wa kadi ya duka ukabaki pale pale kwa aliyeondoka mzima.

Wastaafu wana hoja nzito na ninataka niiseme kwa haki. Wanasema, sisi tulihamishwa kila baada ya miaka miwili mitatu. Wake zetu na waume zetu walishindwa kujenga kazi zao. Watoto wetu walibadilisha shule kama wanavyobadilisha soksi. Duka lilikuwa sehemu ya mshahara tulioambiwa tusubiri, na ahadi ni deni. Ukimpa kila mtu kile nilichokitolea jasho miaka 20, umenipa nini mimi?

Inauma, na ni kweli. Lakini hebu tuwaulize Wamarekani wa zamani kama muda ndio ulikuwa kipimo chao pekee. Sheria ya pensheni ya 1818, kwa askari wa vita vya uhuru wao, ilidai miezi 9 ya utumishi katika jeshi la kudumu la vita vile, na pia ilitaka mwombaji awe mhitaji. Miezi 9 na umaskini! Sheria ya 1832 ikaondoa sharti la umaskini, ikashusha muda hadi miezi 6, na aliyetumikia kidogo akalipwa kidogo. Mwaka 1890, kwa askari wa upande wa serikali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kiwango kikawa siku 90 pamoja na kutojiweza kufanya kazi. Na ile sheria maarufu ya 1944, iliyowapeleka vyuoni watu milioni 2 na zaidi na kuwapa wengine mikopo ya nyumba, ilihitaji siku 90 tu za utumishi. Sheria kubwa kuliko zote waliyowahi kuwatungia askari wao ilikuwa ya watu wa muda mfupi.

Na walipowasahau watu wa muda mfupi, waliona matokeo yake. Mwaka 1924 waliwaahidi askari wa Vita Kuu ya Kwanza dola 1 kwa kila siku ya utumishi nyumbani na dola 1.25 kwa kila siku ya ng'ambo, lakini malipo yasubiri hadi 1945. Njaa ya miaka ya 1930 haikusubiri. Mwaka 1932 maelfu yao walipiga kambi Washington kudai chao, na tarehe 28 Julai jeshi chini ya Jenerali MacArthur likawafurusha na kuchoma vibanda vyao. Askari wakiwafukuza askari. Fedha zenyewe zilikuja kulipwa 1936.

Kwa hiyo mstari wa miaka 20 haukushushwa na malaika. Ni mstari wa mwajiri anayetaka wafanyakazi wasiondoke. Kama mstari wa mwajiri, una akili. Tatizo linaanza pale unapogeuzwa kuwa kipimo cha kujitoa mhanga. Aliyekaa miaka 20 katika ofisi za wakati wa amani ametumikia, sikatai. Lakini aliyekwenda Iraq mara mbili ndani ya miaka 4 naye ametumikia, na pengine amerudi na sikio moja.

Sheria yenyewe imeanza kulainika, kidogo kidogo. Mwaka 1990, walipokuwa wanapunguza jeshi baada ya Vita Baridi, walikubali kwamba anayeondolewa pasipo hiari yake aendelee kutumia maduka kwa miaka 2. Askari wa akiba walikuwa wanahesabiwa siku za kwenda dukani, 24 kwa mwaka, hadi mwisho wa 2003, walipokuwa tayari wanapelekwa vitani kama wenzao wa kudumu. Ndipo ikaonekana aibu kuwahesabia. Tarehe 11 Novemba 2017 PX ya intaneti ikafunguliwa kwa kila askari wa zamani aliyeondoka kwa heshima, hata kama alitumikia mkataba mmoja. Na kuanzia 1 Januari 2020, kwa sheria iliyopitishwa 2018, milango ya maduka yenyewe ilifunguliwa kwa wenye medali ya Purple Heart, waliowahi kuwa mateka wa vita, na wote wenye ulemavu uliotokana na utumishi, hata uliokadiriwa kwa asilimia 0, yaani jeraha limekubaliwa lakini halijafikia kulipwa fidia. Wanaowauguza majumbani nao waliingizwa, wakiwa wameandikishwa katika mpango wa serikali.

Ninaipenda sheria ile kwa mambo mawili. Kwanza, ilibadilisha swali kutoka "umekaa miaka mingapi?" kuwa "umepoteza nini?" Pili, haikumbebesha mstaafu gharama. Walioingizwa upya walitozwa ada ndogo kwenye duka la chakula wakilipa kwa kadi, asilimia 1.9 kwa kadi ya mkopo na 0.5 kwa kadi ya benki, ili kufidia gharama za miamala yao. Mstaafu hakupoteza kitu.

Basi jibu langu ni lipi kwa aliyetumikia miaka 4 akatoka mzima? Ninasema maduka mawili yapewe majibu mawili. PX ifunguliwe yote, siyo ya intaneti tu. Ni biashara, mteja zaidi ni faida zaidi, na faida inarudi kwa askari walioko kambini. Duka la chakula ni jambo jingine, kwa sababu pale mlipakodi anachangia kila kikapu. Huko nisingeangalia miaka. Ningerudi kwenye hekima ya 1818 na kuangalia haja. Askari wa zamani mwenye kipato cha chini na watoto watatu aingie, hata kama alitumikia mkataba mmoja. Mwenye mshahara mnono wa kampuni binafsi anaweza kwenda supamaketi kama raia wengine. Tena tusidanganyane, maduka haya yako kambini na wengi wa askari wa zamani wanaishi mbali nayo. Kwao kadi hii ni heshima zaidi kuliko sukari.

Kuna watakaoniambia, kwa nini wasiyafunge tu maduka wakatoa fedha taslimu? Tanzania ilijaribu njia hiyo. Katika bajeti ya 2016/17 serikali iliamua kuondoa msamaha wa kodi katika maduka ya majeshi na kulipa posho badala yake. Ni njia safi kimahesabu, na inaziba mianya ya bidhaa za jeshi kuishia Kariakoo. Lakini posho humfikia aliyeko kazini. Yule wa muda mfupi, aliyekwisha kurudisha gwanda, haimo kwenye orodha yake.

Mchuuzi wa Fort Sill alifaidika kwa sababu askari wa chini hakuwa na mtu wa kumsemea. Miaka 150 baadaye mstaafu ana vyama vyenye nguvu vinavyomsemea pale Washington. Kijana wa miaka 4, ambaye bado anatafuta kazi na hajui hata aina ya fomu ya kujaza, sauti yake ni ndogo. Ukiniuliza nisimame na nani katika foleni ya duka lile, nitasimama nyuma ya huyo.