Vikorombwezo vya amri vilivyonipotezea sauti ya babu

Wadau, nipo Mpepai, Mbinga, nyumbani. Leo naandika habari za zile amri za kompyuta zinazoandikwa kwenye skrini nyeusi. Msikimbie kwanza!

Mwaka 2019 nilimrekodi babu hapa akieleza ngoro, yale mashimo ya Wamatengo milimani: wanaume wanafyeka nyasi kwa nyengo na kuzipanga miraba, wanawake wanazifukia kwa jembe. Kompyuta yangu ilipoanza kusumbua, nikaamua kuhamishia kwenye flashi folda tano kubwa tu. Nikaiambia amri du inipe ukubwa wa kila folda, kwa kikorombwezo cha -h kinachoandika kibinadamu: 900K, 300M, 1.5G. Nikaiunganisha na sort -n, ipange kwa namba, nikachukua tano za mwisho.

Kumbe sort -n haijali hizo herufi. Kwake 1.5G ni moja na nusu tu, na 900K ni mia tisa. Folda ya babu, 1.5G, ikakaa juu kabisa, kwenye vidogo. Wiki ileile diski ikafa. Babu naye hayupo tena.

Alaumiwe nani? Mimi kwanza, sawa. Lakini ugomvi huu ni wa zamani.

Unix ilianza mwaka 1969 Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1973 Thompson, baada ya kusukumwa sana na Doug McIlroy, akaiwekea bomba: kinachotoka kwenye amri moja kinaingia kwenye nyingine. Basi kila amri ifanye kazi moja, na kazi mpya itengenezewe amri mpya. McIlroy na wenzake waliiandika imani hiyo mwaka 1978.

Mwaka 1983 Rob Pike akasimama kwenye mkutano wa USENIX kuilalamikia cat. Kazi ya cat ni kuunganisha mafaili, ila watu wa Berkeley walishaichomekea -v, ya kuonyesha herufi zisizoonekana. Hiyo ni kazi nyingine, alisema Pike, ipewe amri yake. Nani alimsikiliza? ls ya mwaka 1971 ilikuwa na vikorombwezo 5. ls ya GNU leo inavyo zaidi ya 50!

Nilikuwa upande wa Pike moja kwa moja. Hata huku kwetu, kahawa ilipokuja haikuchomekwa ndani ya ngoro, ilipewa shamba lake. Lakini mwaka 2009 watu wa GNU waliiongezea sort -h yake, ili isome zile K, M na G. Kikorombwezo kimezaa kikorombwezo, ndiyo, ila ningekijua hicho cha pili sauti ya babu ningekuwa nayo.

Kwa hiyo siku hizi idadi hainisumbui sana. Nauliza: kitakachotoka, amri inayofuata itakielewa? -h ya du ilipendezesha macho yangu ikaziba bomba kimyakimya, bila hata onyo.

Sasa natumia du -k (najua, nayo ni kikorombwezo), namba tupu za kilobaiti, halafu sort -n. Jana nimeanza kumrekodi bibi. Kaanza na jembe. Nyengo, anasema, si kazi yake.